Mishipa ya damu ya miguu ikiziba: Ultrasaundi, CT au MRI, kipimo gani kinamfaa nani?

Katika vipindi vyetu vya afya, kuna swali ambalo wasikilizaji wamekuwa wakilirudia mara kwa mara. Mgonjwa anaambiwa hospitalini kwamba huenda mishipa ya damu ya miguu yake imesinyaa au kuziba, kisha anatajiwa vipimo vyenye majina magumu na gharama zinazopishana sana. Mmoja anaambiwa ultrasaundi inatosha. Mwingine anaandikiwa CT. Wa tatu anaambiwa asafiri hadi hospitali kubwa yenye MRI. Familia inabaki ikijiuliza: je, kipimo cha bei kubwa ndicho bora? Na je, ukikosa fedha za kipimo hicho, ndiyo basi, mguu umepotea?

Makala haya yanaeleza vipimo hivyo kimoja kimoja: kinavyofanya kazi, kinachoonesha, kisichoonesha, na nani anafaa au hafai kukifanyiwa. Tumejikita kwenye vipimo vya picha ambavyo havihitaji kuingiza mrija ndani ya mshipa mkubwa wa damu. Tutaanza, hata hivyo, na kipimo kisichotoa picha kabisa, kwa sababu bila hicho vingine vyote vinaweza kuwa gharama ya bure.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ateri ni mishipa inayopeleka damu yenye oksijeni kutoka kwenye moyo kwenda sehemu zote za mwili. Kwa miaka mingi, mafuta aina ya lehemu, chembe za damu na madini ya kalisi hujijenga kwenye kuta za ndani za mishipa hiyo, hadi njia ya damu inakuwa nyembamba au inaziba kabisa. Jambo hilo likitokea kwenye moyo huleta shambulio la moyo. Likitokea kwenye ubongo huleta kiharusi. Likitokea miguuni, ndio ugonjwa tunaouzungumzia hapa.

Si ugonjwa wa watu wachache. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu milioni 202 duniani walikuwa nao mwaka 2010, na takribani asilimia 70 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Visababishi vikubwa ni uvutaji wa sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi, ugonjwa wa figo na umri mkubwa. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani asilimia 9 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo watu walio katika hatari wapo tele, mijini na vijijini.

Dalili inayojulikana zaidi ni maumivu au kukaza kwa misuli ya kigimbi, paja au makalio wakati wa kutembea, ambayo hupungua ndani ya dakika chache mtu akisimama kupumzika, kisha hurudi akitembea tena umbali uleule. Wengi husema ni uzee au baridi yabisi. Ugonjwa ukizidi, maumivu huja hata usiku mtu akiwa amelala, na hupata nafuu kidogo akining'iniza mguu nje ya kitanda. Baadaye huja vidonda visivyopona na vidole kuwa vyeusi. Hapo mguu wenyewe uko hatarini.

Wapo pia wasiohisi maumivu yoyote. Mwenye kisukari ambaye mishipa ya fahamu ya miguu imeharibika anaweza kutembea na kidonda kwenye unyayo bila kujua, huku damu haifiki vizuri.

Kwanza mkono wa daktari, kisha presha ya kifundo

Kabla ya mashine yoyote, daktari au muuguzi hupapasa mapigo ya damu sehemu nne za kila mguu: kwenye kinena, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo upande wa ndani, na juu ya unyayo. Hutazama rangi ya ngozi, joto lake, vinyweleo na vidonda. Uchunguzi huu hauna gharama ya ziada na unaweza kufanyika kwenye zahanati.

Hatua ya pili ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono. Kinachohitajika ni mkanda wa kawaida wa kupimia presha na kifaa kidogo cha Dopla cha kushika mkononi, kinachosikilizisha mlio wa damu. Presha ya juu iliyopimwa kwenye kifundo hugawanywa kwa presha ya juu ya mkono.

Mfano: kifundo kikionesha 90 na mkono 140, jibu ni 0.64. Kwa mtu mwenye mishipa mizuri, jibu huwa kati ya 1.00 na 1.40. Likiwa 0.90 au chini yake, hiyo ni dalili ya wazi kwamba damu haifiki vizuri mguuni. Kati ya 0.91 na 0.99 ni eneo la mashaka. Mgonjwa mwenye maumivu ya kutembea lakini mwenye jibu zuri akiwa amelala anaweza kutembezwa kwanza, kisha akapimwa tena mara moja, kwa sababu mshipa uliosinyaa huonesha udhaifu wake misuli inapohitaji damu nyingi.

Hapa kuna mtego ambao wenye kisukari na wenye ugonjwa wa figo wanapaswa kuufahamu. Kwa watu hawa, kuta za mishipa ya miguu mara nyingi hukakamaa kwa madini ya kalisi, kiasi kwamba mkanda wa presha hauwezi kuubana mshipa. Namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Kifundo kikionesha 210 na mkono 140, jibu ni 1.50. Mtu asiyejua atasema presha ya mguu ni nzuri kupita kiasi. Jibu lolote linalozidi 1.40 halimaanishi mguu ni mzima. Linamaanisha kipimo kimeshindwa kusoma. Hata jibu linaloonekana la kawaida kwa mtu wa namna hii linaweza kudanganya.

Dawa yake ni kupima presha kwenye kidole gumba cha mguu kwa mkanda mdogo, kwa kuwa mishipa ya vidole haikakamai kirahisi. Ikigawanywa kwa presha ya mkono, jibu la 0.70 au chini yake linaashiria ugonjwa. Presha ya kidole iliyo chini ya 30 ni ishara kwamba mguu wenye kidonda uko kwenye hatari kubwa ya kutopona.

Vipimo hivi vinajibu swali la kwanza: je, damu inafika? Havisemi mshipa umeziba wapi, kwa urefu gani, wala kama unaweza kufunguliwa. Hilo ndilo swali la vipimo vya picha.

Ultrasaundi yenye Dopla

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi hutuma mawimbi hayo na kupokea mwangwi wake, na kompyuta huutengeneza kuwa picha. Sehemu ya Dopla hupima mwendo wa damu. Jina hilo linatokana na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria ambaye mwaka 1842 alieleza jinsi mawimbi yanavyobadilika kinachoyatoa kinaposogea. Ni sababu ileile inayofanya honi ya basi isikike kwa sauti kali linapokujia na nzito likishakupita.

Mpimaji hufuata mshipa kutoka tumboni au kwenye kinena hadi kifundoni. Anaona ukuta wa mshipa, anaona rangi za damu inayopita, na anasoma kasi yake. Ukibana mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole, maji hutoka kwa kasi zaidi pale ulipobanwa. Damu hufanya vivyo hivyo. Kasi ikiongezeka mara mbili au zaidi ikilinganishwa na sehemu iliyo kabla yake, njia imesinyaa kwa nusu au zaidi. Umbo la mawimbi pia linazungumza: katika mshipa mzima wimbi huwa na sehemu tatu, kwenda, kurudi kidogo na kwenda tena, mbele ya sehemu iliyoziba hubaki wimbi moja dhaifu na la polepole.

Faida zake ni kubwa. Haina mionzi. Haihitaji dawa ya kudungwa kwenye mshipa. Haidhuru figo, na mjamzito anaweza kupimwa. Mashine inaweza kusogezwa hadi kitandani kwa mgonjwa, na kipimo kinaweza kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa bila madhara, jambo linalosaidia kufuatilia mshipa uliokwisha kutibiwa. Kwa kawaida ndiyo yenye gharama ndogo kuliko vipimo vingine vya picha tunavyovijadili hapa.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inategemea sana mikono na macho ya anayepima. Mashine nzuri mikononi mwa mtu asiyefunzwa kupima mishipa ya miguu haitatoa jibu la kutegemewa. Kufuata miguu yote miwili kikamilifu kunaweza kuchukua saa nzima, muda ambao kliniki yenye foleni ndefu haina. Mishipa ya ndani ya tumbo na nyonga hufichwa na gesi ya utumbo au unene wa mwili, ndiyo maana mgonjwa huweza kuombwa asile kwa saa kadhaa kabla. Kalisi nyingi hutupa kivuli kinachoficha kilicho nyuma yake. Na chini ya goti, kukiwa na mifinyo mingi inayofuatana, ni vigumu kuisoma mmoja mmoja.

CT ya mishipa ya damu

CT ni mashine ya eksirei inayozunguka mwili na kupiga picha nyingi za vipande vyembamba, ambazo kompyuta huziunganisha kuwa picha moja inayoweza kugeuzwa kila upande. Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi yao iliyozaa teknolojia hii.

Eksirei peke yake haioneshi damu vizuri. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa, kupitia mshipa wa mkono, dawa yenye madini joto, mara nyingi takribani mililita 100, inayong'arisha mishipa kwenye picha. Wengi huhisi joto mwilini na ladha kama ya chuma mdomoni kwa muda mfupi. Upigaji picha wenyewe, kutoka tumboni hadi vidoleni, humalizika ndani ya dakika moja au pungufu, na mgonjwa hukaa chumbani kwa dakika chache tu.

Nguvu ya CT ni kasi na upana wake. Daktari wa upasuaji anaona ramani nzima kwa wakati mmoja: mshipa mkuu wa tumbo, nyonga, mapaja na vigimbi. Anaona pia kalisi ilipo, uvimbe wa mshipa kama upo, na hata tatizo jingine nje ya mishipa. Katika miaka ya karibuni, hasa kupitia fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 za mwaka 2021, Serikali ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, hivyo kipimo hiki kimesogea karibu na wananchi kuliko zamani. Ni vema kuuliza, hata hivyo, kama hospitali husika inafanya CT ya mishipa ya miguu na ina mtaalamu wa kuisoma, kwa kuwa kuwa na mashine ni jambo moja na kuitumia kwa kazi hiyo ni jambo jingine.

Udhaifu wake? Kwanza, mionzi, ambayo ni mara nyingi zaidi ya ile ya picha moja ya kifua. Kwa mzee mwenye mguu ulio hatarini, faida kwa kawaida huzidi hatari hiyo. Kwa kijana au mjamzito, hesabu inabadilika. Pili, dawa yenye madini joto inaweza kuzidisha tatizo kwa mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu, ndiyo sababu hupimwa kreatinini kwanza. Anayetumia metformin aseme mapema, kwani akiwa na figo dhaifu daktari anaweza kuisimamisha kwa muda. Tatu, wachache hupata mzio wa dawa hiyo. Aliyewahi kupata mzio wa dawa ya namna hii lazima aseme. Mzio wa kamba au samaki peke yake si kizuizi, ingawa imani hiyo imeenea.

Nne, kalisi nyingi hung'aa sana kwenye CT na kuonekana kubwa kuliko ilivyo, hivyo mshipa mwembamba wa kigimbi unaweza kuonekana umeziba wakati damu bado inapita. Na watu wenye kalisi nyingi ni walewale wenye kisukari cha muda mrefu na ugonjwa wa figo.

MRI ya mishipa ya damu

MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku kubwa yenye nguvu na mawimbi ya redio kuzifanya chembe za hidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili zitoe ishara, ambayo kompyuta huigeuza picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Nobel mwaka 2003 kwa ugunduzi uliowezesha picha hizo. Kwa mishipa ya miguu, mara nyingi mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadoliniamu.

Picha za MRI huonesha njia ya damu kwa uwazi mkubwa, na kalisi haizivurugi kama inavyovuruga CT. Hakuna mionzi. Kwa mishipa ya chini ya goti ya mgonjwa wa kisukari, hii ni faida kubwa.

Lakini MRI ina masharti mengi. Mgonjwa hulala ndani ya tundu jembamba lenye kelele kwa nusu saa au zaidi bila kutikisika, jambo gumu kwa mwenye maumivu makali ya mguu au mwenye hofu ya sehemu finyu. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, kipande cha chuma jichoni au vifaa vingine vya chuma mwilini lazima aseme kabla ya kuingia, kwa sababu baadhi ya vifaa haviruhusiwi kabisa. Stenti za chuma zilizowekwa zamani huacha sehemu nyeusi kwenye picha, na mtu anaweza kudhani mshipa umeziba. MRI pia ina tabia ya kukuza mfinyo kuliko ulivyo, na haimwoneshi daktari kalisi ambayo angependa kuijua kabla ya kufungua mshipa.

Kuhusu figo, wapo wanaoamini kwamba MRI haina shida yoyote. Si sahihi. Mwaka 2006 madaktari walianza kuhusisha baadhi ya dawa za gadoliniamu na ugonjwa mbaya wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Dawa mpya zina hatari ndogo sana, na zipo mbinu za MRI zisizohitaji dawa kabisa. Mgonjwa wa figo bado anapaswa kuuliza ni dawa gani atapewa.

Namba zinasemaje?

Mwaka 2007 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kulinganisha vipimo hivi vitatu na angiografia ya mrija, yaani kile kipimo cha zamani cha kuingiza mrija kwenye ateri. Swali lilikuwa: nani anaona vizuri mshipa uliosinyaa kwa nusu au zaidi?

Kati ya kila mishipa 100 iliyosinyaa kweli, MRI yenye dawa iliitambua 95, CT 91 na ultrasaundi 88. Kati ya kila mishipa 100 isiyo na tatizo hilo, MRI ilisema kwa usahihi kuwa 97 ni mizima, ultrasaundi 96 na CT 91. Hizi ni namba za katikati. Tafiti moja moja zilipishana. Uchambuzi mwingine uliotoka katika jarida la JAMA mwaka 2009, uliohusu CT peke yake, uliipa CT alama za juu zaidi: 95 na 96.

Tunachokisoma hapo ni kwamba MRI ina nafasi ya kwanza, lakini tofauti si ya mbingu na ardhi. Ultrasaundi ikisema mshipa una tatizo, mara nyingi inasema kweli. Pale inaposhindwa ni kuona baadhi ya matatizo, hasa nyonga na chini ya goti. Kumbuka pia kwamba namba hizi zilipatikana kwa wapimaji waliobobea.

Na ile angiografia ya mrija? Bado ipo. Mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri, mara nyingi kwenye kinena, na dawa humiminwa moja kwa moja. Inaweza kuleta kutokwa damu au kuumiza mshipa, kwa hiyo siku hizi haitumiki sana kwa kutafuta ugonjwa tu. Hutumika pale daktari anapokusudia kutibu papo hapo, kwa kupanua mshipa kwa puto au kuweka stenti.

Nani aanze na kipi?

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2012 uliweka mpangilio unaoeleweka kirahisi. Mgonjwa anayefikiriwa kufunguliwa mshipa aanze na ultrasaundi. Akihitaji picha zaidi, apewe MRI yenye dawa. MRI isipowezekana au asipoivumilia, apewe CT. Mahali ambapo CT iko karibu na MRI iko mbali, ni jambo la kawaida kwa madaktari kutoka ultrasaundi kwenda CT moja kwa moja.

Tuchukue mifano mitatu ya kufikirika. Mzee wa miaka 62, mvutaji sigara, kigimbi kinauma akitembea mita 300, hana kidonda, na jibu la presha ya kifundo ni 0.70. Huyu ugonjwa wake umeshajulikana. Anahitaji kuacha sigara, dawa za kupunguza lehemu na za kuzuia damu kuganda, udhibiti wa presha na sukari, na mazoezi ya kutembea yenye ratiba. Hana haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya MRI leo. Picha zitahitajika kama maumivu yataendelea kumzuia kuishi maisha yake na daktari akafikiria kuufungua mshipa.

Mama wa miaka 58 mwenye kisukari kwa miaka 15, kidonda cha kidole kina wiki sita, na presha ya kifundo inaonesha 1.45. Huyu hapaswi kurudishwa nyumbani na jibu kwamba damu inafika. Anahitaji presha ya kidole, ultrasaundi ya mishipa, na ikibidi CT au MRI haraka, kwa sababu mguu wake uko hatarini.

Mwanamume anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, mwenye maumivu ya mguu usiku. Kwake ultrasaundi yenye mpimaji mzuri ndiyo ya kuanzia, na dawa yoyote ya kudungwa ijadiliwe kwanza na daktari wake wa figo.

Wapo pia wasiohitaji kipimo chochote kati ya hivi vya picha: watu wasio na dalili zozote. Miongozo ya vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani haipendekezi CT wala MRI ya mishipa ya miguu kwa mtu asiye na dalili, ili tu kuangalia.

Dharura isiyosubiri foleni ya picha

Mguu ukianza ghafla kuuma sana, ukawa baridi, ukapauka, ukafa ganzi au ukashindwa kusogea, hiyo ni dharura. Mshipa umeziba kwa mkupuo, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye upasuaji siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Kumkanda kwa maji moto au kumsubiri ndugu atoke mjini ni kupoteza mguu.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mgonjwa ana haki ya kuuliza, tena kwa heshima na bila woga. Tunapendekeza maswali haya:

Je, presha ya kifundo au ya kidole changu ni kiasi gani?

Kipimo hiki cha picha kitabadilisha nini katika matibabu yangu? Jibu likiwa "hakitabadilisha kitu kwa sasa", mnaweza kukubaliana kusubiri.

Je, figo zangu zimepimwa kabla ya kudungwa dawa?

Je, hospitali hii ina mtaalamu wa kufungua mishipa, au picha hizi zitapelekwa kwingine? Omba nakala ya picha zenyewe kwenye CD pamoja na ripoti, ili usirudie kipimo na gharama ukifika hospitali ya kanda.

Je, bima yangu inalipia kipimo hiki, na ninahitaji kibali kabla?

Na swali la mwisho ndilo tunaloomba kila familia ilikumbuke. Ikiwa mmeambiwa mguu ukatwe, na si kwa sababu ya maambukizi yanayotishia maisha saa hiyo, ulizeni: je, mishipa ya mguu huu imepimwa, na kuna aliyeangalia kama inaweza kufunguliwa? Miongozo ya kimataifa inataka hilo lifanyike kabla ya kukata. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba haiwezekani, na kukatwa ndiko kutakakookoa maisha. Wakati mwingine mshipa utafunguliwa na kidonda kitapona, au kitakatwa kidole badala ya mguu mzima. Wenye kujua ni waliopima.

Makala haya ni ya elimu na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekufahamu. Kama una swali kuhusu vipimo hivi, tutumie ujumbe kupitia namba za studio, nasi tutalifikisha kwa wataalamu watakaofika katika kipindi chetu cha afya.